Lendilodi Amelala Chali

Nekesa,

Barua watu huanza kwa kusema natumai hujambo. Mimi sitasema hivyo, maana najua uko wapi, nilisimama pale nikaangalia wakishindilia udongo. Nitaanza na hasira kwa sababu ndiyo iko karibu.

Siku ya mazishi nilinyamaza. Mama wa marehemu hawezi kusimama mbele ya watu na kugombana na sanduku. Wakasimama wengine, wakasema Nekesa alikuwa msichana mpole, Nekesa alikuwa wa bidii, Nekesa hakuwahi kumkosea mtu. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki, nimefungwa leso, na moyoni nasema, ongezeni na mwongo. Ongezeni hapo, mwongo. Kwa sababu nilikuuliza kwa simu, dawa ya kifua iko? Ukasema, "Iko, Mama." Nikakuuliza tena, kwa sababu nilisikia vile ulikuwa unavuta pumzi kati ya maneno. Ukacheka. "Niko sawa, Mama. Ni vumbi tu la mahindi, likiisha na mimi nitaacha kukohoa."

Hiyo inhela yako ya pumu ilikuwa tupu. Wairimu ameniambia. Mlikuwa mnalala chumba kimoja huko Moi's Bridge, mnashona magunia stoo moja, kwa hivyo anajua. Anasema ilikuwa tupu tangu mahindi yaanze kuingia kwa wingi, tangu mashine ya kupukuchua ianze kunguruma asubuhi mpaka jioni. Ulikuwa unaitikisa, unaiweka mdomoni, unajifanya umepuliza. Nani alikufundisha hivyo, kwamba mtu anaweza kudanganya kifua chake mwenyewe?

Wairimu ndiye aliniletea vitu vyako. Blanketi mbili, viatu, nguo, simu iliyopasuka kioo, na lile boksi la buibui wako. Alilibeba mapajani kutoka huko mpaka hapa kama mtu amebeba mayai. Akaniwekea mezani, akasema, "Mama, huyu sasa ni wako. Mimi nyumbani kwetu hawawezi kumkubali." Nikamwambia hata mimi sijamkubali. Alikuwa ameshainama anafungua viatu, akajifanya hasikii.

Unajua vile mimi naogopa buibui. Ulijua tangu ukiwa mdogo, nilikuwa nakuita unitolee buibui chooni. Halafu ukaenda ukaokota wa manyoya. Uliniambia trekta ilikuwa inalima shamba karibu na stoo, ikafukua shimo lao, mama yao akakatwa, wale wadogo wakatawanyika, na wewe ukainama ukachukua mmoja na kifuniko cha chupa. Mtu mwingine angekanyaga. Wewe ukampa jina. Ukamwita Lendilodi, kama mwenye nyumba za kupanga, kwa sababu hafanyi kazi yoyote, anakaa tu mlangoni kwake anangoja kuletewa. Nilicheka siku hiyo, sitakataa. Nilikuwa nafuma sweta ya shule na nilicheka mpaka nikapoteza hesabu ya nyuzi.

Lakini nikikumbuka sasa sicheki. Nakumbuka vile ulikuja mjini kutafuta hilo boksi. Ulizunguka Eldoret yote, ukaingia kila duka la plastiki, ukitaka linaloonyesha ndani, linalofunga vizuri, lisilo na harufu. Ukalipata. Ukaja hapa nyumbani, ukachoma msumari kwa jiko langu, ukatoboa matundu upande huu na upande huu. Nikakuuliza mbona mengi hivyo. Ukasema, "Lazima hewa iingie huku itokee kule, Mama, asikose pumzi."

Nekesa. Ulipita maduka mangapi ya dawa siku hiyo?

Hilo ndilo swali langu. Naliuliza nikifuma, naliuliza nikipika, nimeliuliza kanisani badala ya kuomba. Ulijua mdudu anataka hewa ya kutoka pande mbili. Ulijua maji yake yabadilishwe, ulijua baridi ya Eldoret itamuua asipofunikwa, ulijua moshi wa makaa ni sumu kwake. Uliniambia nimweke mbali na jiko. Wewe mwenyewe ukaenda kila siku ukasimama kwenye vumbi hilo na kifua hicho.

Basi nimemchunga. Si kwa upendo. Nilimchunga kwa hasira, kama mtu aliyeachiwa mtoto na jirani asiyerudi. Nilimfunika na kipande cha sweta nilichoharibu. Nilimwekea maji kwenye kifuniko cha soda. Na chakula, wee, chakula. Mtu mzima kama mimi, kupiga magoti kwenye nyasi nyuma ya choo na glasi, natafuta nyenje. Wale wanaolia jioni unafikiri ni wengi, ukiwatafuta hawako. Mama Njoroge wa dukani akaniona kutoka dirishani kwake.

"Mama Nekesa, umepoteza nini hapo?"

"Natafuta mboga ya mgeni."

"Mgeni gani anakula nyasi?"

"Huyu anakula nyama tu. Ni wa kutoka Moi's Bridge."

Akarudisha pazia, maana akakumbuka wewe ulikuwa huko. Halafu jioni alinitumia nyenje wawili kwenye gazeti, amekunja kama chumvi. Yeye amenielewa kuliko watu wa ukoo wako.

Halafu Lendilodi akaacha kula.

Nilimwekea nyenje, asubuhi nikamkuta nyenje anatembea juu yake. Nikatoa, nikaweka mwingine mdogo. Hakumgusa. Tumbo lake likawa jeusi, linang'aa, kama limepakwa mafuta. Akawa haendi popote. Akaziba mlango wa shimo alilochimba kwenye udongo wa boksi na utando mweupe, akakaa hapo nyuma. Nilijua ulikuwa umeniambia kitu juu ya hiyo hali. Lakini unajua vile nilikuwa nakusikiliza, sikio moja kwako na lingine kwa hesabu ya nyuzi. Nilikumbuka tu umesema, "Asipokula usiogope." Lakini mimi niko hivyo, naogopa. Kwangu hakuna mtu amewahi kulala bila kula, hata mwizi angepewa ugali kwanza. Nikasema pengine hao wadogo hawapendi. Nikamkamatia nyenje mkubwa, mnono, wa miguu yenye miiba, nikamtia ndani, nikafunika, nikamwambia kula.

Hiyo ilikuwa Jumamosi. Na Jumapili ndiyo ilikuwa siku ya kugawa nguo zako.

Shangazi yako alikuja baada ya kanisa na wamama wawili wa kikundi cha maombi. Unajua ni desturi, na baba yako hayuko, kwa hivyo dada yake ndiye anasimamia. Sikukataa. Nilitoa mkeka, nikamwaga nguo zako juu yake. Alikuwa anainua moja moja. "Hii itamtosha Sharon wangu. Hii mama, shika. Hii imepauka, hii ni ya kupiga deki." Ile sweta yako nyekundu niliyokufumia ukienda kuanza kazi, aliivuta mikono aone kama inatanuka. Nguo ni nguo, na wewe hutaisikia baridi.

Nikapika chai. Wakanywa. Halafu shangazi yako akaweka kikombe chini akasema, "Sasa tuongee ile maneno nyingine."

Nilijua ni gani. Tulikuwa tumeshaiongea kwa simu na nilikuwa nimekubali. Naam, nilikubali wamchome Lendilodi. Nilikuwa nimechoka, na kila nikimwona naona matundu ya msumari. Nikasema kama kuna kitu chako kimoja cha kuchomwa, acha kiwe hicho, na mimi nilale.

"Mtoto anakaa na buibui chumbani mwaka mzima," shangazi yako akasema, "halafu anakosa pumzi. Mama Nekesa, wewe huoni kitu hapo?"

"Alikuwa na pumu tangu mdogo."

"Pumu wako nayo wengi. Wenye buibui ni wangapi?"

Mmoja wa wale wamama akaitikia, ndiyo, ndiyo, kama yuko kanisani.

Shangazi yako akaenda kwenye boksi mwenyewe. Akaondoa kile kipande cha sweta na vidole viwili. Akaangalia. Halafu akageuka kwetu na uso umefunguka, akasema, "Bwana ametangulia. Ameshakufa."

Nikaenda nikaona. Lendilodi alikuwa ametoka shimoni, ametandika utando wake chini kama shuka, na juu ya hiyo shuka amelala chali. Miguu yote nane juu. Wale wamama wakaanza wimbo wa shukrani, Nekesa. Nyumbani kwangu. Walipiga makofi. Shangazi yako akaniomba karatasi ya plastiki na akauliza jiko liko wapi.

Na mimi nilifikiri hivyo hivyo, kwamba amekufa. Sijui niseme nini juu ya kile kilinishika. Si furaha. Nilijisikia kama mara ya kwanza, Wairimu aliponipigia simu juu yako na hakuweza kumaliza kusema. Nikasema moyoni, hata huyu. Hata huyu nimeshindwa.

Halafu nikakusikia. Si mzuka, usifikiri naanza mambo ya mizuka, ni kukumbuka tu. Ulikuwa umekaa kwenye kile kistuli, unakula viazi, mdomo umejaa, na unaniambia: "Mama, siku moja utamwona amelala chali. Usimguse. Usilie. Hajafa, anavua nguo. Buibui akifa hukunja miguu chini ya tumbo. Akilala chali anakua."

Nikasema, "Wekeni chini hiyo boksi."

Shangazi yako akasema, "Mama Nekesa, hii kitu imekufa."

"Haijafa. Inabadilisha ngozi. Nekesa aliniambia."

"Nekesa mwenyewe yuko wapi?"

Aliuliza hivyo. Hakuuliza kwa ubaya, ni mdomo wake tu, lakini aliuliza, na huku mkono umeshika boksi linainama, na ndani Lendilodi anateleza kwenye shuka yake. Hasira niliyokuwa nimekuwekea wewe tangu mazishi yote ilitafuta mlango, ikampata yeye. Nikamnyang'anya. Nikamwambia atoke kwangu. Dada ya mume wangu, mkubwa wangu, aliyenipokea nikiolewa. Nikamwambia, chukua nguo, chukua hata mkeka, lakini hii nyumba utoke. Alifunga nguo zako kwa shuka. Mlangoni akasema, "Umemchagua buibui. Sitarudi hapa." Wamama wake wakamfuata, mmoja bado na kikombe changu mkononi.

Nikampigia Wairimu. Nikabonyeza jina lingine, halafu nikampata.

"Wairimu, amelala chali."

"Ni sawa, Mama. Tulia. Anavua. Usipulize maji, usisogeze boksi."

"Limeshasogezwa."

"Basi liache hapo lilipo. Mama, kuna chakula ndani?"

Nikamkumbuka nyenje wa jana.

"Mama? Uliweka nyenje?"

"Mkubwa," nikasema.

Hakunigombeza. Akasema polepole kama mtu anayeongea na mtoto aliyeshika kisu, kwamba Lendilodi saa hii ni laini kama ugali wa moto, hawezi kuuma wala kukimbia, na nyenje akisikia njaa atamla yeye. Nimtoe. Lakini nisimguse Lendilodi, wala shuka yake, wala nisitikise.

Nikaangalia vizuri, nikamwona. Nyenje wangu mnono alikuwa ametoka pembeni, amekuja mpaka kwenye ile shuka, na ndevu zake zinapapasa mguu mmoja wa Lendilodi. Anaonja. Mimi ndiye nilimleta na mkono wangu, kwa ajili ya kutaka mtu ale.

Nilitumia sindano za kufumia, zile ndefu nyembamba. Miaka yangu yote nimeshika hizo sindano, sijawahi kutetemeka nazo. Niliingiza moja huku na moja huku, nikamkaribia kama unavyookota uzi uliodondoka bila kufumua mwingine. Mara ya kwanza akaruka, akagonga ukuta wa boksi, moyo wangu ukaruka naye. Nikangoja. Akatulia kwenye kona. Nikambana tumbo, nikamtoa, nikamtupa nje mlangoni na kuku wa jirani akammaliza hapo hapo.

Halafu nikakaa. Sikupika, sikufuma. Mwanga wa mchana uliingia mlangoni, nikaona kila kitu. Kwanza hakuna kitu. Halafu kile kifuniko cha kifua chake kikapasuka, kikainuka kama mfuniko wa sufuria. Halafu akaanza kusukuma. Anasukuma, anapumzika. Anasukuma, anapumzika. Miguu inatoka kwenye ngozi ya zamani ikiwa mirefu, myeupe, kama mtoto anavuliwa sweta iliyomkaza. Unakumbuka nilivyokuwa nakuvua ukiwa mdogo, kichwa kikikwama unalia humo ndani, nami nasema inua mikono, inua mikono? Nilijipata nasema hivyo. Kwa buibui. Peke yangu nyumbani. Inua mikono.

Mguu mmoja ukakwama. Ule ule nyenje alioupapasa, au pengine ni ule ulioteleza shangazi yako alipoinamisha, sijui. Saba ilitoka, wa nane ukabaki umeshikwa ndani ya ngozi, na yeye anauvuta, anauvuta, anachoka. Vidole vyangu viliwasha. Kazi yangu ni hiyo, kuvuta kitu kidogo kitoke mahali pamekaza bila kukatika. Nikamwambia Wairimu kwa simu, nivute kidogo tu. Akasema, "Mama, ukivuta utampasua. Keti. Mikono ikalie." Nikaikalia mikono yangu, Nekesa. Mimi mama yako, ambaye sijawahi kumwona mtu akihangaika nikakosa kuinuka, nikakalia mikono.

Akauacha. Aliukata mwenyewe hapo juu, akaendelea na saba. Akalala kando ya ngozi yake, rangi ya maziwa yenye majani ya chai kidogo, meno meupe kabisa, na akaanza kunyoosha mguu mmoja baada ya mwingine. Ile ngozi ilibaki nzima na manyoya yake na meno yake, ungefikiri ni wawili, mmoja mzee na mmoja wa leo. Wairimu anasema ule mguu utaota tena akivua mara nyingine, kwanza mdogo, halafu sawa na wengine.

Hapo ndipo nililia. Lakini usijidanganye kwamba hasira ililainika. Nililia kwa hasira zaidi, na nitakuambia kwa nini. Huyu mdudu alinipa mchana mzima. Aliniacha nikae karibu, nione anavyohangaika, nitoe kitu kibaya kilichokuwa karibu naye, nizuie mikono, nimwite. Hata kama angekufa, ningekuwa hapo. Wewe hukunipa hata kidogo. Ulisema niko sawa. Mimi ningekuja Moi's Bridge na miguu, unajua. Ningeuza mashine ya kufumia nikaja na inhela kumi. Ningekaa kwenye kitanda chako nikasema inua mikono. Ulinificha ili nisiwe na wasiwasi. Kwani ni nani alikuambia wasiwasi ni mbaya? Wasiwasi ndiyo kazi yangu. Uliniachisha kazi bila kuniambia.

Shangazi yako hajarudi. Nimemtumia salamu na Mama Njoroge, hakujibu. Nitaenda mwenyewe kumwomba msamaha kwa vile nilimfukuza, lakini si kwa vile nilimzuia. Na kikombe changu nitakichukua.

Lendilodi amebadilika rangi tena, sasa ni kahawia, mzuri, sikufikiri nitaandika neno hilo. Anatembea kidogo kuegemea upande mmoja. Simpi chakula bado, Wairimu ameniambia meno yawe meusi kwanza, na kila asubuhi naangalia meno kama mama anaangalia mtoto anayeota meno. Maji tu. Mimi, kumnyima mtu chakula. Ungekuwa hapa ungenicheka.

Sijakusamehe. Watu watasema mama hasemi hivyo kwa mtoto aliye kaburini, lakini wewe unanijua, hasira yangu siwezi kuifukuza, huwa inatoka yenyewe ikichoka. Wewe pumzika. Hayo mengine niachie.

Ila hii nakuahidi. Sitamchoma, sitamtupa, sitampa mtu anayemwimbia wimbo akiwa bado yuko hai. Wairimu anasema akiwa ni jike anaweza kuishi miaka mingi, pengine kunipita hata mimi. Basi nitatafuta mtu mapema. Nitamketisha, nimwonyeshe maji, nimwonyeshe nyenje wa kiasi gani, nimwambie siku akilala chali asimguse. Nami nikianza kuumwa mahali, huyo mtu nitamwambia mahali penyewe, siku hiyo hiyo, nikiwa bado na pumzi ya kusema.

Mimi mama yako,
ambaye angekuja.